Risala ya Timu Nane Kuhusu Beki Aliyefuata Mpira Ng'ambo ya Barabara

Mgeni rasmi, Mama yetu Naomi, mlezi wa Kombe la Mlima na Bonde, viongozi mliokaa chini ya turubai na ninyi wenzetu mliosimama juani, waamuzi, wazazi mliokuja kwa treni na mliokuja kwa miguu. Wa kuamkiwa tunawaamkia wote, shikamooni. Wadogo zetu, hamjambo.

Sisi ni vijana wa timu nane za kombe hili. Maneno ni yetu. Mzee Fortunatus, mtunza jezi, tulimwomba atuandikie kwa sababu mwandiko wake unasomeka.

KARIBU

Karibu Kilosa, mgeni rasmi. Kwenye ratiba risala hii ilikuwa isomwe saa nane. Sasa saa kumi imepita, kivuli cha goli kimeshavuka alama ya penalti, na anayetusomea ametoka kucheza dakika tisini. Hatulaumu mtu. Barabara tunaijua, na vumbi lililokushika njiani ndilo lililotushika sisi wiki tatu hizi. Fainali umeiona mwenyewe: Kilosa Mjini mawili, Zombo hawana kitu. Zombo hawalalamiki. Wamechoka tu, kama sisi wengine.

Kwa hiyo tutasema taratibu, na hatutasema mengi. Wenye treni ya kuwahi watatusamehe.

TULIKOTOKA

Kombe hili lilianza miaka sita iliyopita, timu tatu na mpira mmoja. Waliomaliza kucheza walikuwa wanaukabidhi kwa wanaofuata, nao unapakiwa kwenye bodaboda kwenda kijiji kingine kama mgonjwa aliyepewa rufaa. Leo tupo nane: Vidunda, Kidodi, Mikumi, Ulaya ya hapa hapa Kilosa, Zombo, Kimamba, Rudewa na Kilosa Mjini.

Tunachokuja kuomba kinahusu Vidunda, basi turuhusu tukueleze uwanja wa Vidunda. Hujafika, na kwa viatu ulivyovaa leo hatukushauri.

Vidunda ni mlimani. Tambarare ya kutosha timu mbili haipo, kwa hiyo wazazi waliuchonga ubavu wa mlima kwa majembe, misimu miwili, hadi wakapata mahali ambapo mtu anaweza kusimama bila kushika kitu. Upande wa juu kuna ukuta wa udongo. Upande wa chini hakuna kitu kabisa. Mpira ukivuka mstari wa chini unaanza safari, na safari hiyo mwisho wake ni kwenye maharage ya bibi Costancia.

Ndiyo maana vijana wa huko wana sheria yao, na hawakuisoma popote. Aliyeutoa ndiye anayeufuata. Hatumwi mtoto, hatumwi mwenzake. Anashuka mwenyewe. Akifika kwenye maharage haingii. Anasimama ukingoni, anaamkia, anangoja aitikiwe, ndipo anaomba. Akiruhusiwa anaingia, anachukua mpira, na mche alioulaza anausimamisha na kuushindilia udongo kwa mkono wake. Halafu anapanda. Huku juu wachezaji wote, wa timu zote mbili, wamekaa chini wanamngoja. Wacheze na nini? Mpira ni mmoja.

Mwaka juzi Amon, ambaye ndiye nahodha wao, aliuchukua bila kuamkia kwa kuwa bibi alikuwa amempa mgongo. Bibi Costancia aliupanda mlima na fimbo yake, akaja akaketi katikati ya uwanja, ndani ya duara.

"Kumbe mimi nimekuwa kisiki," alisema. "Haya, endeleeni. Nipigeni chenga."

Mechi iliishia hapo. Toka siku hiyo Vidunda hakuna anayesahau kuamkia.

TULIYOYAPATA

Mwaka huu hakuna timu iliyojitoa. Hakuna aliyevunjika mfupa. Hakuna mwamuzi aliyekimbizwa, na Kimamba wanaomba hilo lisemwe kwa sauti. Jezi tulizoahidiwa zimefika zote, ingawa za Rudewa zimeandikwa jina la Kidodi, wakachezea hivyo hivyo na watu wakazoea.

Tulipata pia mipira mipya mitatu uliyotununulia wewe, mgeni rasmi, ikatufikia tukiwa tunaingia nusu fainali. Kabla ya hapo kila mechi ilichezwa kwa mpira mmoja. Tunashukuru sana. Kama kuna neno litafuata hapa mbele kuhusu mipira hiyo, tunaomba usilichukue vibaya. Mipira haina kosa.

YALIYOTUSHINDA

Ya kawaida unayajua, yameandikwa kwenye risala za miaka yote. Vidunda wanateremka mlima kwa miguu mpaka Kidodi, wanalala kwenye kigari cha mizigo, kirikuu, kama magunia hadi Mikumi, halafu wanaambiwa wapashe misuli moto. Zombo mvua ikinyesha hawatoki. Ulaya walicheza mechi mbili wakiwa tisa. Hayo tumeyazoea, na mtu aliyezoea hapigi kelele.

La mwaka huu ni moja, nalo ni la Makarius.

Makarius ni beki wa kulia wa Vidunda. Shule aliachia kidato cha pili baba yake alipougua. Sasa anateremsha ndizi mlimani kwa bega, siku za soko. Ana miaka kumi na saba kasoro miezi mitatu, na kombaini yetu, timu ya vijana waliochaguliwa kutoka timu zote nane, hairuhusu aliyetimiza kumi na saba. Kombaini hiyo inaondoka Jumatano kwenda Morogoro. Mwaka jana vijana wawili walionekana kule wakachukuliwa kwenye kituo cha michezo, asubuhi wanasoma, jioni wanacheza. Kwa Makarius hakuna mwaka kesho. Ni Jumatano hii au ndizi.

Wachaguzi walimpenda kwa jambo moja. Beki mwingine akibanwa anabutua popote, bora liende. Makarius akibanwa anatafuta mtu wa kumpa. Mashindano yote hakuutoa mpira nje hata mara moja. Watu walisema huyu kijana ana utulivu wa ajabu. Sisi tuliofika Vidunda tulijua ni mlima. Kule ukibutua, utashuka, na ukishashuka utapanda.

Jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha.

Nusu fainali ilikuwa Alhamisi, Mikumi, Vidunda na Zombo, kwenye ule uwanja ulio kando ya barabara kuu ya Iringa. Hadi dakika ya themanini hakuna aliyemfunga mwenzake. Hapo Mwinshehe, mshambuliaji na nahodha wa Zombo, akambana Makarius kwenye kona, na mwenzake mmoja akaja kusaidia. Makarius akatazama ndani, hakuna mtu. Akatazama nyuma, kipa ameanguka. Basi kwa mara ya kwanza akaupiga nje.

Na aliupiga kweli. Ulivuka watazamaji, ukavuka mtaro, ukadunda mara moja kwenye lami mbele ya basi la Mbeya, ukajiingiza chini ya lori lililoegeshwa ng'ambo.

Makarius hakukaa akafikiri. Aliuruka mtaro, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuka.

Chini ya lori alikuwa amelala dereva, jina lake Samson, tulilipata baadaye. Amejinyoosha kwenye mkeka, kofia usoni, anapumzisha mgongo. Mpira umemlalia ubavuni. Makarius angenyoosha mkono tu angeupata. Alichuchumaa ukingoni mwa mkeka.

"Shikamoo."

Kofia haikusogea.

"Shikamoo, baba."

"Mm," dereva alisema ndani ya kofia.

Sasa "mm" siyo marahaba. Makarius akangoja, jasho linamdondoka kwenye goti. Akaamkia mara ya tatu.

"Marahaba! Marahaba!" Dereva alikaa, kichwa kikagonga bodi. "We dogo vipi? Unaniamkia hivyo, umekuja kuposa?"

"Naomba mpira wetu, baba. Uko ubavuni mwako."

"Si uuchukue tu?"

"Ndiyo naomba."

Dereva alimtazama, akausukuma kwa kiwiko. "Mnacheza na nani?"

"Zombo."

"Ngapi ngapi?"

"Bado hatujafungana," alisema Makarius.

Nyuma yake uwanja ulilipuka kelele. Alidhani wanamshangilia kwa kuupata.

Mgeni rasmi, ule mpira wa kwanza ulipokuwa bado unabiringika kwenye lami, wa pili ulikuwa umeshawekwa mstarini. Ndivyo inavyotakiwa kwenye kitabu cha sheria, na ndiyo kazi ya mipira kuwa mitatu. Vidunda hawakuwa wameiona hiyo maishani mwao. Wanne kati yao walikuwa wameshakaa chini, mmoja amevua kiatu anatoa jiwe. Amon alipopiga kelele, "Simameni, jamani, wanacheza!", Mwinshehe alikuwa amesharusha, amerudishiwa, na anapita upande wa kulia ambao hauna mtu. Kipa alifunga macho.

Mwinshehe mwenyewe yupo hapa mbele yako, na alisema tuandike maneno yake kama alivyoyatamka: "Nilimwona anavuka barabara. Nikajua kulia kweupe. Sikuwaza kaenda wapi, niliwaza goli."

Makarius alirudi mbio. Mpira ameupangusa kwa jezi, ameukumbatia kwapani, akaingia moja kwa moja kwenye nafasi yake. Mipira ikawa miwili uwanjani. Filimbi ikalia.

"Oyaa, Mlima! Ulienda kuushona?" watu wa pembeni walimwita.

"Mwacheni, alipitia kwa wajomba!"

Mwamuzi akatoa kadi ya njano kwa kutoka bila ruhusa. Akatoa nyingine kwa kuingia bila ruhusa. Halafu nyekundu. Makarius hakuelewa hesabu hiyo. Alimnyooshea mpira kwa mikono miwili.

"Refa, huu hapa."

Hatubishani na mwamuzi. Kitabu tumekisoma, timu nane tumekaa tukakisoma, yuko sahihi mstari kwa mstari. Matokeo nayo ni matokeo, Vidunda wenyewe wameyakubali na wameshapeana mikono na Zombo. Kilichotuchosha ni kilichofuata.

Taarifa iliyofika Kamati ya Mashindano ilisema kwamba beki namba mbili wa Vidunda "alitoroka uwanja mchezo ukiendelea." Kamati ikalifuta jina lake kwenye kombaini kwa utovu wa nidhamu. Ijumaa asubuhi tuliikuta orodha mpya ukutani, namba tatu imekatwa kwa rula, na chini kabisa limeongezwa jina la aliyefuata kwa kura.

Katibu wa Kamati, Bwana Kasiani, siyo mtu mbaya, na tunamsema akiwa amekaa hapo hapo. Alimpigia Amon simu. Akamwambia jina linaweza kurudi, mradi kijana aandike barua kabla ya Jumamosi, akiri kwamba alitoroka na aahidi hatarudia. Akamsomea hadi maneno ya kuandika.

Amon alimkuta Makarius njiani anateremka na mikungu miwili ya ndizi. Alichukua mmoja naye akabeba, wakateremka pamoja.

"Andika tu, ndugu yangu," alimwambia. "Mstari mmoja. Nakiri nilitoroka. Ukishafika Morogoro nani atakuuliza?"

"Nilitoroka nini?"

"Hukutoroka. Andika."

"Wewe ungeandika?"

Amon akahamisha mkungu bega la pili. "Mimi sikuchaguliwa."

"Basi nyamaza tushuke."

Jioni ile bibi Costancia alisikia habari, akauliza kijana kafukuzwa kwa nini. Wakamweleza kwamba aliutoa mpira, akaufuata, akaamkia, akaurudisha. Bibi akasubiri. "Na kosa?" akauliza. Aliyekuwa anamweleza akaona aibu, akageuza maneno, akaanza kuulizia maharage.

Mgeni rasmi, sisi wengine tulicheka Alhamisi. Tusiseme uongo mbele yako. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Ijumaa tulipoiona ile rula ukutani, kicheko kiliisha.

TUNACHOOMBA

Mpaka jana asubuhi risala hii ilikuwa na maombi manane, kila timu lake. Kimamba waliomba nyavu. Rudewa waliomba mkoba wa huduma ya kwanza, kwa kuwa mwaka huu walimfunga mtu jeraha kwa soksi. Ulaya waliomba usafiri, Kidodi waliomba magoli ya chuma baada ya yale ya miti kuliwa na mchwa, na wengine hivyo hivyo. Yote ni ya kweli na yote tunayahitaji.

Jana mchana manahodha walikaa. Wakasema mgeni akisomewa maombi manane atatuambia ameyapokea yote, atayafanyia kazi, tutapiga makofi, na tutakutana mwakani. Tumepiga makofi hayo miaka sita. Wakasema akisomewa moja, itabidi ajibu moja. Basi wakayakata saba. Nahodha wa Rudewa ndiye aliyeshika kalamu, na la kwanza kukata lilikuwa la kwake.

Limebaki hili. Orodha ya kombaini iko kwenye lile faili la bluu lililo mbele yako, utaitia saini ukimaliza kugawa zawadi. Tunaomba kabla hujatia saini umrudishe Makarius wa Vidunda.

Tunajua utaambiwa nafasi ni kumi na nane na zimejaa. Aliyeongezwa nafasi ya kumi na nane ni Mwinshehe wa Zombo. Katika kikao cha jana alisimama akasema, "Futeni langu."

Nahodha wa Ulaya akamwambia, "Acha ushujaa, wewe. Mama yako atakuchapa."

"Atanichapa. Futeni."

Tulimuuliza mara tatu. Tulimkumbusha kwamba naye ana miaka kumi na sita, kwamba mwakani miguu ya mtu inaweza kuwa mingine, kwamba goli alilofunga ni halali. Akasema goli ni halali ndiyo, na hajaliomba lifutwe. Ila nafasi ile hakuipata kwa kucheza. Ikiwezekana waende kumi na tisa, tutafurahi na mama yake atafurahi. Isipowezekana, yeye amesema atabaki, na ameomba tusimwombee.

Makarius hakuja leo. Alisema hataki kusimama mahali watu wamtazame kwa huruma. Wala hajui kama tunasoma haya. Anajua kwamba aliandika barua Ijumaa, ikapelekwa, na Bwana Kasiani akaipokea vizuri akasema haitoshi, kwa sababu neno lililotakiwa halimo. Barua hiyo ni fupi. Tunaisoma yote:

"Mimi Makarius, beki wa kulia, Vidunda. Siku ya Alhamisi nilitoka uwanjani bila ruhusa ya mwamuzi, tena nikaingia bila ruhusa yake. Kwa hayo mawili naomba radhi, nimeelekezwa na sitarudia. Lile la kutoroka siwezi kuliandika. Aliyetoroka harudi na mpira."

Mgeni rasmi, hapo ndipo tulipofika. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema wazee. Huyu alicheza ugenini kama anavyocheza kwao, na adhabu yake ameshaipata kwa kadi nyekundu na kufungiwa mechi moja. Sisi hatuna cha kukupa ukikubali, na hatuna cha kukufanya ukikataa. Ukikataa tutapokea zawadi, tutakushukuru na kukusindikiza mpaka kwenye gari. Tunaomba tu utuambie leo, hapa, kwa mdomo wako, ama ndiyo ama hapana. Vidunda wanateremka mlima kwa muda wa saa nne kuja, na kurudi ni zaidi. Wasipande na "tutaona."

Mungu wa mlimani, ambaye ndiye huyo huyo wa bondeni, akufikishe kwako kabla giza halijaingia, akupe afya, akuzidishie uliyotutolea, na mkono wako usichoke.

Ni sisi,
Vijana wa Timu Nane za Kombe la Mlima na Bonde, Kilosa.

Manahodha wote wametia saini hapa chini. Ya kwanza ni ya Zombo.